Kaolini iliyotibiwa kwenye polipropilini: itazuia kiti kukatika?

MoldiKazi: Wakuu, kiti cha polipropilini chenye kaolini (udongo mweupe wa kujazia plastiki) 20% kwa uzito kimekakamaa vizuri, ila mguu ukigongwa unakatika. Nikinunua kaolini iliyotibiwa kwa silani ya amino bila kugusa kitu kingine, itatosha?

Mchanganyaji: Haitoshi. Silani ina ncha mbili: moja hushika hidroksili za udongo, nyingine, hapa amino, hutafuta pa kushika kwenye plastiki. Kwenye nailoni amino hupapata, kwenye polipropilini hakuna. Itabidi uongeze polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, ili amino ipate pa kushika, 2–3% ya mchanganyiko wote.

Hapo nguvu ya kuvutwa itapanda. Ya kugongwa ni habari nyingine: chembe zikishikwa sana hazibanduki, na plastiki iliyozizunguka haipati nafasi ya kunyumbuka na kumeza kishindo. Kwa kiti ningeanza na resini yenyewe, yaani plastiki ghafi. Kama ni homopolima (propilini tupu), weka kopolima ya bloku (yenye sehemu za mpira ndani). Kisha tumia kaolini iliyopakwa asidi ya steariki, kama 1% ya uzito wa udongo. Asidi hii hung'ang'ania chokaa kuliko kaolini, lakini hupunguza madonge, na ufa huanzia kwenye donge.

MoldiKazi: Na nikitaka kutibu mwenyewe kwa silani?

Punje2: Kaolini kilo 100, silani kilo 0.5 hadi 1. Kausha udongo kwanza kwa 105 °C. Zungusha kwenye mikseri ya kasi, nyunyiza silani kidogo kidogo kwa dakika 5–10, halafu rudisha kwenye joto la 110 °C kwa saa 2. Ukiimwaga kwa mkupuo unapata vidonge vilivyolowa nje, ndani vikavu, na mashine ya kuyeyusha yenye skrubu moja haitavivunja. Tumia ya skrubu mbili, udongo uingie pembeni plastiki ikishayeyuka.

Ukihakiki kipimo kwa kuchoma sampuli, kumbuka kaolini mbichi (isiyochomwa kabla) hupoteza takriban 14% ya uzito wake, maji ya ndani ya fuwele. Majivu ya 17.2% ndiyo 20% yako, usimgombeze mtu wa mizani.

Mchanganyaji: Na usidhani kaolini ni sawa na montmorilonaiti, udongo mwingine uliotibiwa kwa chumvi za amonium na kuuzwa kama udongo wa nano. Ile huwekwa 3–5% tu, na chumvi zake nyingi huanza kuoza karibu na 200 °C, joto ambalo silinda yako inalipita.