Kasha linasema wachezaji wanne, anayecheza ni mmoja! Magemu ya katuni "ya familia" yanatupiga mchana kweupe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana tulikaa watu wanne, mimi, mama watoto, kijana wangu wa miaka 11 na mdogo wake wa kike wa miaka 6, tukafungua gemu ambalo watoto walilisubiri tangu tangazo la kwanza. Ni gemu la katuni ya vichekesho ya kwenye runinga, moja ya zile ambazo mkubwa na mdogo wanacheka pamoja, kila mmoja kwa sababu yake. Jina silitaji. Tatizo lenyewe nimeshalikuta kwenye gemu zaidi ya moja, na aliyelinunua hili atalitambua.

Kasha lina picha ya familia nzima ya katuni imekumbatiana, na pembeni imeandikwa wachezaji 1 hadi 4. Mimi nilinunua hiyo 4. Kama ingekuwa 1 ningeliacha dukani, maana la kucheza mtu mmoja tunayo tayari.

Tukaunganisha pedi nne za kuchezea. Kila mtu akachagua mhusika wake, kelele tupu, wamegombania mbwa hadi basi. Stori inaanza, pedi mbili tu ndizo zinafanya kazi. Ya tatu na ya nne zimekufa. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha pedi, nikaingia kwenye mipangilio. Nusu saa nzima! Baadaye ndiyo nagundua kwamba hao wanne wanacheza kwenye vijimchezo vya pembeni tu, vya dakika moja moja, navyo vinafunguka ukishamaliza sura ya kwanza. Stori yenyewe ni ya watu wawili.

Na huyo wa pili nae ni wa kudanganyia.

Pedi ya pili alishika binti yangu. Kamera inamfuata mchezaji wa kwanza peke yake. Kaka yake akitangulia, yeye anabaki nje ya skrini, anapotea, halafu anadondoshwa pembeni ya kaka yake kama mzigo. Kuna sehemu ya daraja la mbao lenye mapengo. Pengo la kwanza aliliruka vizuri, akapaza sauti "Baba umeona!", na kabla hajatua gemu likamnyakua likamtupa ng'ambo kwa sababu kaka yake alishavuka. Daraja la pili, vilevile. Kaka yake akaanza kumsubiri, lakini kuna tope linapanda kwa nyuma, ukisubiri mnakufa wote. La tatu hakubonyeza kitu. Akaweka pedi kwenye kochi taratibu, akaniuliza, "Kwani mimi nacheza au naangalia?"

Nilikosa jibu, wakuu. Hilo swali walitakiwa wajiulize waliolitengeneza kabla ya kuchapa kasha.

Na asije mtu hapa akaniambia ni mambo ya teknolojia. Mwaka 1991 kampuni ya Konami walitoa gemu la ile katuni ya familia ya The Simpsons kwenye mashine za kusimama, zile za kutumbukiza sarafu, na lilikuwepo toleo la watu wanne. Mnasimama bega kwa bega mbele ya skrini moja. Homer anapiga ngumi, Marge ana mashine yake ya kufyonza vumbi, Bart ana ubao wa magurudumu, Lisa ana kamba ya kuruka, wote wanamfuata mtoto mchanga Maggie aliyetekwa. Kilichonifanya nilikumbuke jana ni hiki: wawili wakisogeleana na kutulia wanaungana kuwa shambulio moja. Homer na Marge wanashikana wanabingirika kama gurudumu, wanafagia kila aliye mbele. Bart na Lisa wanashikana mikono wanakimbia pamoja. Yaani ili uwe na nguvu inabidi umfuate mwenzako alipo! Mtu alikaa akajiuliza hii katuni inahusu nini, akapata jibu kwamba inahusu familia, akalitia hilo jibu kwenye vitufe. Ni zaidi ya miaka 30 iliyopita, kwenye mashine ambayo simu yako ya mfukoni inaishinda mbali.

Kamera nayo ilishapatiwa dawa. Lile gemu la pili la LEGO la Indiana Jones, la 2009, lilikuja na skrini inayogawanyika yenyewe: mkikaribiana mnaona picha moja, mkiachana inakatika katikati na kila mtu anabaki na upande wake, mkirudiana inaungana. Mtoto haburuzwi na mtu. Na gemu la The Simpsons la 2007 lilikuwa na skrini ya kugawana kwa watu wawili kwenye stori yenyewe. Najua kuna gharama. Ukigawa skrini mashine inachora dunia ileile mara mbili, na inabidi ukae upunguze vitu ili isikwame. Ni kazi. Kama hutaki kuifanya, andika mchezaji mmoja, mimi nitajua, nitapita zangu.

Alama za kwenye kasha hazisaidii hapa. PEGI wa Ulaya na ESRB wa Marekani, wale wanaopanga gemu linafaa umri gani, watakwambia umri, na tangu 2018 wote wawili wanaonyesha kama kuna manunuzi ndani ya gemu. Hilo nawashukuru, limeniokoa mara kadhaa. Ila hakuna alama inayokuambia watu wangapi wanaweza kucheza stori kuanzia mwanzo hadi mwisho wakiwa kwenye kochi moja. Hiyo namba ya wachezaji inaandikwa na muuzaji mwenyewe, na anahesabu hata kijimchezo cha kurusha mipira.

Halafu vichekesho. Hapa ndipo mama watoto alipokasirika kuliko mimi, maana yeye ndiye mpenzi hasa wa hiyo katuni. Kwenye runinga utani unasemwa mara moja, kwa wakati wake, wanasonga mbele. Kuchekesha ni kupatia muda. Kwenye gemu mwenye muda ni mchezaji: anakufa, anarudia, anazubaa kwenye kona. Kwa hiyo ukilitengenezea gemu vichekesho unatakiwa uandike maneno mengi mno, na uweke utaratibu wa kumnyamazisha mhusika akishasema kitu. Hawa wameandika machache wakayaacha yazunguke. Kuna sentensi moja ya baba wa kwenye katuni nimeihesabu mara 14 kwenye sura moja. Mara ya kwanza tulicheka wote wanne. Kufika ya sita kijana wangu amezima sauti mwenyewe. Fikiria hilo, mtoto anayeijua katuni hiyo kwa moyo, amezima sauti!

Duka la nguo za wahusika lipo, linajitokeza kila mkimaliza hatua, nalo linasikiliza pedi zote nne. Pale zinafanya kazi vizuri kabisa.

Nikaomba nirudishiwe pesa. Huduma kwa wateja wakanijibu kwamba ukishaanza kupakua hakuna kurudishiwa, nikawaeleza habari ya pedi nne, wakanitumia ujumbe uleule neno kwa neno. Kule Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, angalau sheria inaeleweka, ndani ya siku 14 na usiwe umecheza zaidi ya saa 2, unajaribu, ukiona siyo unarudisha. Sasa mimi ningejuaje pedi ya tatu haifanyi kazi bila kulipakua gemu?

Ninachodai ni kitu kidogo. Kwenye kasha na kwenye ukurasa wa duka waandike namba mbili: wanaocheza stori wangapi, wanaocheza vijimchezo wangapi. Nimeshawaandikia wachapishaji wenyewe kwa barua pepe, na nitaandika tena wiki ijayo wasipojibu. Kama nawe umepigwa hivihivi, waandikie. Tukiwa wengi watashindwa kutujibu kwa ujumbe mmoja.

Na mwenye gemu la katuni ambalo watu wanne mnacheza stori pamoja na mdogo haburuzwi, aweke jina hapa chini. Likizo inaanza Jumamosi na binti yangu ameshaniuliza mara mbili.