Naomba ushauri: mteja kaikataa picha yangu ya Egungun

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji, natumia rangi za mafuta. Mwezi uliopita mama mmoja Myoruba (kabila la huko Nigeria) aliniagiza picha ya Egungun, wale wanaocheza wakiwa mizimu ya ukoo. Nikaperuzi mtandaoni, nikachora mtu kavaa matambara ya rangi rangi, uso unaonekana kidogo kwenye upenyo, vidole vya miguu viko mchangani. Nikajiona fundi.

Mama kaitazama, kanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu ni mtu tu."

Akanieleza kwamba ngozi haitakiwi kuonekana: usoni wavu, miguu imesitiriwa, maana aliyemo ndani si fulani tena, ni mzee aliyefariki kaja kuwatembelea wanawe. Na yale si matambara. Ni vitambaa vya thamani, ukoo unaongeza vipya juu ya vya zamani miaka nenda rudi. Akizunguka vinapaa, na upepo wake ni baraka. Mimi nilivichora vimening'inia kama nguo kwenye kamba!

Sasa turubai ninayo hapa. Nipake juu kwa juu, au nianze upya? Nahofia ule uso utakuja kuchungulia rangi ikizeeka. Na ule mzunguko mnauchoraje bila kufanana na feni? Aliyewahi kuishi Ibadan au Abeokuta, miji ya Wayoruba, pia aniambie kama bluu ya nili ya adire, vile vitambaa vyao vya kutiwa rangi, inafaa kuingia humo.

Natanguliza shukrani.