Naomba ushauri: Ramadhani na ratiba ya mpira wa mkojo kwa aliyeumia uti wa mgongo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna kijana huku Pate, Lamu, alianguka mnazi akaumia uti wa mgongo, pingili ya 8 ya kifuani. Mkojo hautoki kwa hiari yake.

Kwa kawaida kibofu kikifika mililita 200 hivi, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni. Sehemu ya mbele ya ubongo huzuia mpaka mtu afike chooni. Ndipo shina la ubongo huamrisha kibofu kibane na msuli wa mlango ulegee, kwa wakati mmoja. Kwake njia hiyo imekatika, kwa hiyo kibofu hubana huku mlango umefunga. Hilo ndilo la kuogopa: mkojo unaweza kurudi juu ukaharibu figo kimyakimya, bila maumivu.

Hupitishiwa mpira wa kutoa mkojo kila saa 4 hadi 6, mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Maji ni lita 2 kwa siku, kidogokidogo. Sasa anataka kufunga. Ruhusa ya kula anayo, lakini moyo wake hautulii. Akinywa maji yote kati ya futari na daku, kibofu kitajaa upesi usiku. Mchana mkojo utakuwa mzito, na hapo ndipo mawe na maambukizi hupata nafasi.

Waliowahi kusimamia hili: usiku mlipitisha mpira kila baada ya saa 3, au 2? Au mlimzuia mgonjwa kabisa asifunge? Na safarini kwenye boti kwenda Mokowe, mikono na mpira mliviwekaje safi?