Jarida letu linahama karatasi kwenda kishikwambi. Mimi mpangaji kurasa nianzie wapi?

Mpangaji wa Umoja

Wadau, hamjambo. Naomba mnisaidie mawazo, maana usingizi umenipaa.

Nimepanga kurasa za jarida moja la kila mwezi hapa Nairobi kwa miaka kumi na mitatu. Nimesimama kando ya mashine kule Industrial Area saa sita usiku, nikichungulia vitone vya wino kwa kioo cha kukuza, nikimwomba fundi apunguze majenta kwa sababu uso wa mama aliye jaladani umeiva kama aliyebabuka. Wiki mbili zilizopita mwenye jarida alituita akasema karatasi imepanda bei, na kuanzia mwakani tutalitoa jarida kwenye kishikwambi na simu peke yake. Malipo yangu kwa kila toleo yanabaki yale yale.

Nikajaribu. Nilichukua toleo la mwisho nikalitoa kama PDF, nikaliweka kwenye kishikwambi cha dada yangu, nikampa mama mkwe asome. Akakisogeza karibu na macho, akatanua ukurasa kwa vidole viwili, akasoma mistari minne ya safu ya kwanza, kisha akapotea. Hakujua safu ya pili iko juu au iko kando. Akanirudishia akasema, "Mwanangu, hii si ya kusoma, hii ni ya kutafuta." Neno hilo limenikaa.

Kilichoniuma zaidi ni mchoro. Mchoraji wetu alikaa siku sita akichora soko la Gikomba kwa wino, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto mama anakata kamba ya belo la mitumba, kulia mikono ya wateja imenyooshwa kudaka. Kwenye kioo belo liko ukurasa mmoja, mikono iko ukurasa mwingine, na msomaji hawezi kuviona pamoja.

Mpiga picha wetu naye ameambiwa alete video pamoja na picha, malipo hayohayo.

Nijifunze nini kwanza? Hawa wenzangu wawili niwaambie nini? Na bei tunaitetea vipi?

Fundi wa River Road

Binti yangu, pole. Kwa upande wa kusoma, mfuate mama mkwe wako kabla ya kutufuata sisi.

Hayo unayoyapitia wenzetu wa Marekani waliyaanza 2010. iPad, kishikwambi cha Apple, iliingia madukani Aprili mwaka huo, na Mei jarida la Wired likatoa toleo lake la kwanza la kifaa hicho, likisaidiwa na Adobe, kampuni ya programu za kupanga kurasa. Lilikuwa zuri sana kutazama, lakini lilikuwa na uzito wa karibu megabaiti 500, wakati iPad ya bei ya chini ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 16 tu. Uzito ulitokana na uamuzi wa kupanga: kila ukurasa ulipangwa mara mbili, wima na mlalo, kisha ukahifadhiwa kama picha, maneno yakiwa yamegandishwa ndani yake. Msomaji hakuweza kukuza herufi. Mwaka 2012 kioo cha iPad kikapanda kutoka pikseli (vitone vinavyounda picha) 1024 kwa 768 hadi 2048 kwa 1536, yaani pikseli mara nne, na wapangaji wakarudi kuhangaika na uzito upya.

Kwa hiyo usikubali kupanga toleo moja mara mbili. Chagua wima, ndivyo watu wanavyoshika simu hata hivyo. Makala ndefu ziache zitiririke kwa safu moja, msomaji ajiongezee ukubwa wa herufi anavyotaka. Sisi tuliolelewa na karatasi tunaumia hapo, kwa sababu tumezoea kuhesabu mistari na kukata neno la mwisho lisibaki peke yake. Liachie hilo. Utabaki na lile ambalo mashine haikufanyii: jicho la msomaji litue wapi kwanza, lipumzike wapi, liende wapi baadaye.

Ukitaka kuanza kujifunza leo, chukua kitabu chochote cha EPUB, yaani faili ya kitabu cha kielektroniki, kisicho na kufuli, badilisha mwisho wa jina la faili kutoka epub kuwa zip, ulifungue. Ndani utakuta HTML, inayobeba maneno, na CSS, inayoamua yaonekane vipi, vilevile vinavyotumika kwenye tovuti. Miezi miwili ya jioni kwenye CSS itakufaa kuliko programu yoyote ya kulipia.

Na programu usizifanye mume. Apple walifungua rafu yao ya majarida, Newsstand, mwaka 2011, wakaifunga 2015. Gazeti la The Daily, lililoundwa kwa ajili ya iPad pekee, lilianza Februari 2011 likafungwa Desemba 2012. Maneno yako yahifadhi kando kama maneno, picha zikae katika faili zake za asili, ili duka likifungwa uwe na kitu cha kuhamia nacho.

Wino Mweusi

Mimi ni mchoraji, na mchoro huo wa Gikomba umeniuma kana kwamba ni wangu.

Dada, mwambie mwenzako asitupe wino. Achore kwa mkono wake uleule, lakini vitu avitenge. Mama na belo kwenye karatasi moja, mikono kwenye nyingine, mabanda ya nyuma kwenye ya tatu. Kila karatasi aiskani peke yake, kisha azipandanishe kwenye kompyuta kama matabaka. Ukihitaji umbo la wima, unasogeza mikono. Ukihitaji la simu, unapunguza mabanda. Mimi nilianza hivyo baada ya mteja kunikatia mchoro katikati ya uso wa mtu, na tangu hapo sichori kamwe kwenye karatasi moja kazi ninayojua itaenda kwenye kioo.

Kuna gharama. Sehemu ya ukuta iliyokuwa imefichwa na belo sasa lazima ichorwe, kwa sababu belo linaweza kusogea. Mimi huongeza karibu theluthi ya muda. Mwenye jarida aambiwe hilo mapema.

Pia mistari yake myembamba sana aiongeze unene kidogo. Ikipunguzwa hadi upana wa simu, ile ya kukoleza kivuli inashikana na kuwa doa.

Msomaji Mpole

Samahani, mimi si wa fani yenu. Wasomaji wenu wana vishikwambi kweli? Mtaani kwetu naviona kwa watoto wa shule na kwa mhudumu wa hoteli anayeandika oda. Mimi nasoma kwa simu ndani ya matatu, na bando langu ni la siku moja. Toleo likiwa zito silipakui, hata liwe tamu vipi.

Mpangaji wa Umoja

@Msomaji Mpole asante sana, na umegusa palipo na shida. Waliolipia mwaka mzima wengi wako ofisini na wengine ughaibuni, hao vishikwambi wanavyo. Lakini wale waliokuwa wakinunua kwa muuza magazeti nadhani wote ni wa simu.

Jicho la Ngara

Basi panga kwa simu kwanza, kisha upanue kwenda kishikwambi. Ukianza na kioo kikubwa ukaja kubana, utakata vitu unavyovipenda.

Kwa mpiga picha: kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa pande wa 3 kwa 2. iPad nyingi ni karibu 4 kwa 3, vishikwambi vingi vya Android ni 16 kwa 10, simu ni ndefu na nyembamba. Picha ileile itakatwa kila mahali kwa namna tofauti. Kwa hiyo arudi nyuma hatua mbili, amwachie mtu hewa juu na pembeni, na kile ambacho hakiwezi kukatwa kikae karibu na katikati. Mimi sikupenda, nimefunzwa kujaza fremu. Sasa napiga mara mbili, moja ya moyo wangu na moja ya mpangaji.

Furaha yake ni rangi. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu. Nina picha ya mashamba ya chai Kericho ambayo uchapaji ulikuwa unaifanya kijani cha mboga zilizolala. Kwenye kioo ilirudi kama nilivyoiona asubuhi ile. Akuletee faili za sRGB, yaani rangi za kioo, asizigeuze kwanza kuwa rangi nne za uchapaji, kwa sababu kijani kikali kikipotea hapo hakirudi.

Kuhusu video natofautiana na wanaosema ajifunze tu ili asiachwe. Ni kazi nyingine. Inataka maikrofoni, inataka mtu wa kukaa kimya chumbani, inataka siku ya kuhariri. Hata mwendo wa shata, ule mlango wa kamera unaopitisha mwanga, unabadilika: umeme wetu ni hezi 50, usipoweka 1/50 au 1/100 ya sekunde taa za dukani zinapepesa kwenye picha. Ajifunze, naam, lakini ankara iwe mbili.

Wakili Mdogo

Ndugu zangu, mmesahau karatasi muhimu kuliko zote, mkataba.

Kwa Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Kwa hiyo mchoraji na mpiga picha wasipoandika kitu, mwenye jarida anaweza kuitoa kazi ileile kwenye karatasi, kishikwambi, tovuti na kalenda bila kuwalipa tena. Marekani, mwaka 2001, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi waandishi wa kujitegemea dhidi ya New York Times kwa sababu makala zao ziliingizwa kwenye hifadhi za kielektroniki bila ruhusa yao. Sheria yao ina msingi tofauti na wetu, huko mwandishi wa kujitegemea anaanza akiwa na haki. Hapa lazima uiombe kwa maandishi kabla ya kuanza kazi.

Mwandike wazi: toleo gani, kifaa gani, muda gani, na mchoro ukipangwa upya nani analipwa.

Mpangaji wa Umoja

Nimerudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Nimepanga makala moja upya kwa upana wa simu, safu moja, herufi kubwa, picha tatu badala ya saba. Mama mkwe aliisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho akiwa anamenya njegere, simu imeegemezwa kwenye birika.

Mchoraji amelichora Gikomba upya kwa karatasi tatu. Sasa mama na belo wako juu, na mikono inapanda kutoka chini. Ukisogeza kidole inaingia mmoja mmoja. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama ile ya kwanza.

Mwenye jarida amekubali video ilipwe kando. Kwangu ameongeza kidogo. Kipengele cha mchoraji, kile cha haki za kutumia kazi tena, bado anakikataa. Tunakutana naye Ijumaa, na mimi sitatia sahihi mkataba wangu kabla mchoraji hajatia wake.