Kuteremka ukingo wa Mai Mahiu: ni miezi gani ya kuhadhari?

Mgeni wa Pwani
Wakubwa shikamooni. Nimehamishiwa kazi Naivasha kutoka Mombasa na familia yangu iko Nairobi, kwa hiyo nitaendesha kwenda na kurudi karibu kila wiki, mwaka mzima. Mimi ni dereva wa tambarare. Mteremko niliouzoea ni ule wa kuingilia feri ya Likoni. Natamani kupita barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa, kwa mandhari na historia yake, lakini mke wangu anasisitiza nipite ya juu. Je, kuna majira ambayo ya chini haifai kabisa?

Dereva Mstaafu
Marahaba, ndugu. Nimeendesha lori katika mteremko huo miaka mingi, na ningekushauri uitazame saa kabla hujaitazama kalenda. Januari na Februari, ukifika ukingoni saa moja na nusu asubuhi, unauona mlima Longonot wote hadi mdomo wa kasoko yake, ilhali kufikia adhuhuri vumbi la bondeni limeshaufifisha. Kipindi ninachokihofia mimi si masika bali Julai, ambapo ukungu hutanda hadi huzioni taa za nyuma za lori lililo hatua thelathini mbele yako. Hapo usiwashe taa kamili, kwa maana mwanga hukurudia machoni. Washa za chini, uache nafasi, wala usilipite lori kwenye kona hata likitambaa kama kinyonga.

Kosa la wageni wengi, katika majira yoyote, ni kuteremka mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho, mpaka harufu ya kuungua iingie ndani ya gari. Ingia gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujakaza, uiache injini ilizuie gari, na breki uikanyage kwa vipindi. Kama gari lako ni la otomatiki, usiliache kwenye D. Wapo wanaolitoa gari kwenye gia ili kubana mafuta; hao nimeshuhudia wakitolewa korongoni.

Mkazi wa Kijabe
Naona masika yamepewa nafasi ndogo. Maji ya ukingo huu huteremkia bondeni, na mji wa Mai Mahiu umekaa chini yake. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya reli, eneo la Old Kijabe, yalivunja kizuizi yakasomba nyumba za Kamuchiri, na makumi ya watu wakafa. Kwa hiyo, kati ya Machi na Mei, mvua kubwa ikinyesha usiku, subiri kupambazuke na uulize kama barabara inapitika. Hata hivyo, mwambie shemeji kwamba barabara ya juu si kimbilio, kwani ukungu wa Kinale na Kinungi unajulikana.

Mwalimu wa Historia
Kwa kuwa umetaja historia: barabara hiyo ilichongwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, waliotekwa na Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 walijenga pia kanisa dogo la mawe karibu na mwisho wa mteremko, ambalo hutosha watu kumi na wawili hivi. Simama hapo, wewe utazame, na breki zipate kupoa. Jina Mai Mahiu lenyewe ni la Kikikuyu, yaani maji ya moto.

Mgeni wa Pwani
Nawashukuru nyote. Nitateremka Jumamosi asubuhi, gia ya pili. Nibebe dumu la maji ya kupozea magurudumu?

Dereva Mstaafu
Beba ya kunywa na ya rejeta. Magurudumu usiyamwagie kitu, kwa sababu chuma chenye moto kikipata maji ya baridi ghafla hupinda au hupasuka. Yaache nusu saa, ununue hindi la kuchoma, na vioo uvifunge: nyani wa pale hawabishi hodi.