Nina video kibao za safari ya familia, sijawahi kuediti, nianzie wapi?

msafiri_mpya:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Tumerudi safari na familia na sasa nina video kibao, nyingine za simu nyingine za kamera ndogo, kuna zilizopigwa wima kuna zilizolala, nyingi ni fupifupi ila zipo ndefu ambazo mtu kashika simu tu dirishani basi linatembea hana habari. Nataka nitoe video moja ya kueleweka ambayo bibi yao watoto atakaa kuiangalia mwanzo mpaka mwisho, maana yeye hakwenda na kila tukipiga simu anaulizia. Laptopu yangu ni Windows 11, RAM 8 GB, na nikiweka zile video za 4K (zile zenye pikseli nyingi sana) kwenye programu picha inakwamakwama wakati sauti inaendelea zake. Halafu sehemu za baharini upepo umemeza sauti zote. Nitumie programu gani na nianze na kipi?

FundiKlipu:
Karibu sana mkuu. Programu iache kwanza, hiyo ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe ni kuchagua, na hapo ndipo wengi wanapokimbia wakaenda kutafuta efekti.

Fanya hivi, kopi kila kitu kwenye folda moja, kopi nyingine iweke kwenye diski ya nje usiiguse kabisa. Halafu kaa uangalie zote, ukishapata klipu inayokufanya ucheke au useme "ee, ile siku!" ipeleke kwenye folda ya pili. Hiyo folda ya pili ndiyo utakayoediti, nyingine sahau. Tafuta zaidi sura za watu na maneno yao, mlima au jengo bibi ameshaona kwenye TV, alichokikosa ni wajukuu wake wakiona hicho kitu mara ya kwanza. Hiyo video ya dirisha la basi usiitupe, ndani yake kuna sekunde sita nzuri mahali fulani, labda pale mtoto alipogeuka kutazama kamera, chukua hizo sita tu.

Kuhusu programu, Windows 11 inakuja na Clipchamp, kwa kuanzia inatosha. Ukitaka zaidi kuna Shotcut na Kdenlive, zote bure na haziweki chapa yao juu ya video yako. Watakuambia DaVinci Resolve, nayo ina toleo la bure na ni nzuri kweli, ila kwa RAM 8 itakutesa.

Kukwama: simu nyingi siku hizi zinarekodi kwa HEVC (namna ya kubana video), faili linakuwa dogo lakini kompyuta inatoka jasho kulifungua. Kwenye Shotcut au Kdenlive washa proksi, programu inatengeneza nakala nyepesi za kuediti nazo, na ukifika mwisho inatoa video kutoka kwenye faili zako halisi, ubora haupungui.

sauti_kwanza:
Naunga mkono hapo juu, mimi niongezee kwenye sauti maana watu wanaisahau na ndiyo inayomchosha mtazamaji haraka kuliko picha mbaya.

Kwanza kama sauti na midomo vinaachana hata baada ya kuweka proksi, sababu inaweza kuwa simu. Simu hairekodi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa mwendo ule ule muda wote, mara inapunguza mara inaongeza kidogo, baadhi ya programu zinachanganyikiwa. Pitisha hizo klipu kwenye HandBrake (programu ya bure ya kugeuza faili za video), kwenye sehemu ya video chagua "Constant Framerate" (mwendo usiobadilika), weka fremu 30 kwa sekunde, ndio uzilete kuediti.

Upepo sasa. Mngurumo mwingi wa upepo uko chini kabisa kwenye besi, kwa hiyo tafuta filta inaitwa "high-pass", inayokata besi na kuacha sauti za juu, anzia 100 Hz upandishe taratibu mpaka 150 hivi, uache pale sauti ya mtu inapoanza kuwa nyembamba. Kama maneno yenyewe yamezama humo ndani usihangaike, hayatoki. Zima sauti ya hiyo klipu, weka chini yake sauti ya mawimbi kutoka klipu nyingine iliyotulia.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana: waweke watoto waangalie hizo klipu za ufukweni kwenye skrini, wewe rekodi sauti zao kwa simu, chumba chenye mapazia na zulia ili kusiwe na mwangwi. Waache wasimulie wenyewe, wabishane nani aliona kaa kwanza. Hiyo sauti ilaze juu ya picha za bahari. Bibi atapata ufukwe na simulizi kwa wakati mmoja.

Tena sauti na picha si lazima vikatwe pamoja. Tuseme mtoto anasema "mama angalia kule!" na kinachofuata ni bahari. Anzisha ile sauti yake sekunde moja kabla, wakati bado tunaona barabara, halafu ndio akatokee yeye, halafu bahari. Ukitenganisha sauti na picha kwenye taimulaini (ule mstari unakopanga klipu) unaisogeza tu na mausi. Jaribu utaona video inavyoanza kutiririka yenyewe.

msafiri_mpya:
Asanteni sana aisee, hilo la watoto kusimulia nalifanya wikendi hii. Maswali mawili yamebaki, hizi za wima nazifanyaje, na muziki je? Nilifikiria niweke wimbo mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

KataMoja:
Za wima usizivute zijae skrini, watu watanenepa. Kama zimepigwa 4K una bahati, upana wake ni pikseli 2160, ukizoom mpaka ijae fremu ya 1080p (upana pikseli 1920, urefu 1080) bado unazo za kutosha, kazi ni kuchagua sehemu gani ya picha ibaki maana juu na chini panakatwa pakubwa, inabaki kama theluthi ya picha. Kama ni za 1080p, zipange tatu pembeni kwa pembeni, zinajaza skrini karibu yote, na kwa vitu kama watoto watatu kila mmoja anakula lake inapendeza sana.

Muziki nakushauri usiweke mwanzo mpaka mwisho. Weka mnapoanza safari, weka kwenye zile picha za njiani zisizo na maongezi, halafu uzime kabisa watu wakianza kuongea au uushushe mpaka uusikie kwa mbali. Sauti za watu ziwe zinapanda mpaka kati ya -12 na -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu, muziki chini yao uwe -25 hivi. Na kama utaipandisha YouTube usitumie wimbo wa msanii, mfumo wao unautambua, chukua kwenye Audio Library yao wenyewe.

Transisheni za kuzungukazunguka achana nazo, kata moja kwa moja. Ile ya picha kufifia itumie siku inapoisha tu.

FundiKlipu:
Namuunga mkono KataMoja ila kwenye muziki mimi naweza kuacha mahali pengine bila muziki na hata maongezi yasiwepo, injini ya basi, viatu kwenye changarawe, hizo ndizo zinamweka mtu pale.

Mkuu urefu lenga dakika kumi. Ukimaliza toa faili la MP4, mbano wa H.264, 1080p, bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) ya 8 mpaka 12 Mbps, kwa 8 Mbps dakika kumi zinakuwa kama MB 600, inaingia kwenye flashi yoyote na TV karibu zote zinaisoma. Ukimtumia bibi kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama video ya kawaida itabanwa na sura zitafifia.

Na usihamishe wala kubadilisha jina la folda ya klipu ukiwa katikati ya kazi. Faili la projekti halibebi video ndani yake, linakumbuka tu zilipo, ukizihamisha litakuambia hazionekani.