Drumu za nyuma za Land Rover 109 zimegoma kutoka

Mkulima wa Kongwa
Mbukwenyi wakuu. Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1974, ya marehemu baba. Imelala chini ya mkwaju tangu mvua za mwaka juzi. Injini inawaka, ila breki za nyuma nataka nizifungue kwanza ndipo niingie nayo barabarani. Skrubu tatu za kila drumu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, nimezitoa kwa bisibisi ya kugonga. Drumu ya kushoto inazunguka lakini haitoki. Ya kulia haizunguki kabisa, na handibreki nimeachia. Fundi wa hapa anataka kuleta gesi na nyundo kubwa. Nimruhusu?

Dereva Bahi
Mruhusu bwana. Chuma cha Mwingereza hicho, hakivunjiki.

Fundi Mstaafu, Kizota
Hakivunjiki? Drumu ni chuma cha kumimina, ukikipiga ukingoni kinapasuka kama chungu. Na hiyo gesi itaunguza siili ya habu, yaani mpira unaozuia oili katikati ya gurudumu, na mipira ya silinda ya breki, halafu mtanunua vyote.

Kijana, handibreki ya Series haishiki magurudumu ya nyuma. Inabana shafti ya propela, ile inayopeleka nguvu akseli ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi. Kwa hiyo kuiachia hakujakusaidia kitu kwenye drumu. Tena ina hatari yake: ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya akseli, inaliachia lizunguke na gari linaweza kutembea hata kama handibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka mawe magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, na stendi chini ya akseli. Jeki peke yake usiiamini.

Sasa ya kushoto. Ivute. Ikija kidogo halafu ikakwama, basi brekishuu, zile pedi zilizopinda zinazobana drumu kwa ndani, zimechimba drumu na ule ukingo uliobaki ndio unazishika. Ingia nyuma ya bati linaloziba drumu kwa ndani ya gari, utaona kichwa cha bolti ya kurekebishia. Kinazungusha kipande cha chuma kisicho duara kamili, kinachosukuma shuu. Kizungushe upande ambao gurudumu linakuwa jepesi. Na chenyewe kitakuwa na kutu, kisugue kwa brashi ya waya, kimwagie oili ya kulegeza, kiache kilale. Kesho yake tumia spana ya ringi, ile ya mdomo wazi itakula pembe.

Isipocheza hata kidogo, kutu iko katikati, drumu inapokalia habu. Mwaga oili pale na kwenye stadi, zile bolti zinazoshika tairi, kisha gonga uso wake kwa nyundo ya wastani ukizunguka kati ya stadi na stadi. Tazama pia kama usoni kuna tundu lenye nyuzi. Likiwepo, lisafishe ufunge bolti, itaisukuma drumu yenyewe.

Ya kulia, fungua niplo ya kutolea upepo, ile chuchu ndogo ya silinda ya breki nyuma ya bati. Kama mafuta ya breki yalibanwa ndani, yataruka na gurudumu litalegea. Lisipolegea, rudisha bolti ya kurekebishia, funga tairi na nati zake, ulitikise mbele na nyuma. Tairi ni mkono mrefu kuliko wako.

Vumbi usilipulize kwa kompresa. Shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

Dereva Bahi
Mzee kanimaliza 😂

Mkulima wa Kongwa
Shikamoo mzee. Kushoto ulikuwa ule ukingo, imetoka. Kulia niplo ilitema mafuta meusi, tairi likaanza kuzunguka, na leo asubuhi drumu iko chini. Ila ndani shuu zimelowa na zinanuka oili ya difu. Nifunge shuu mpya tu?

Fundi Mstaafu, Kizota
Marahaba. Usifunge, zitalowa nazo. Badilisha siili ya habu, na hiyo silinda ya kulia ifungue uione pistoni. Halafu juu ya akseli kuna kipumulio kidogo. Kikiziba kwa tope, joto la difu linasukuma oili ipite kwenye siili, hata ikiwa mpya. Kizibue kabla hujafunga chochote.